Nipeni Changu Niende: Aliyepoteza Kazi na Fao la Kukosa Ajira

Tangu mwaka 2018 sheria ya Tanzania inamhesabu aliyepoteza kazi kuwa mtu anayestahili fao. Sheria ya mwaka huo iliunganisha mifuko ya hifadhi ya jamii ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF kuwa PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, ikaiachia NSSF sekta binafsi, na humo humo ikaleta fao la kukosa ajira. Mwanachama aliyechangia kwa muda usiopungua miezi 18, kisha akaachishwa kazi pasipo kutaka mwenyewe, hulipwa theluthi ya mshahara wake kwa miezi 6. Aliyeacha kazi kwa hiari yake hana chake hapo.

Kwa wataalamu wa hifadhi ya jamii hii ni hatua kubwa. Shirika la Kazi Duniani liliutaja ukosefu wa ajira miongoni mwa majanga tisa ya kukingwa katika Mkataba wake Na. 102 wa mwaka 1952, na hadi leo, duniani kote, wasio na kazi wanaopata fao lolote hawafiki mmoja kati ya watano. Barani Afrika ni wachache zaidi. Kwa hiyo Mtanzania aliyepunguzwa kazini akiingiziwa theluthi ya mshahara kwa miezi sita, angetazamiwa kushukuru.

Hashukuru. Wasikilize watu waliopunguzwa viwandani Mabibo au migodini Geita, au walimu wa shule binafsi ambao mikataba yao haikuongezwa. Wanachodai ni kile kilichokuwapo zamani, fao la kujitoa: ukiacha kazi unachukua michango yako yote kwa mkupuo na kuondoka. Bunge lilipolifuta fao hilo mwaka 2012, wafanyakazi wa migodini walikuwa mstari wa mbele kupinga, na kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba serikali ilirudi nyuma. Hoja yao haikuhitaji mtaalamu wa kuifafanua. Mikataba ni mifupi, kazi ni ya hatari, na umri wa miaka 55 au 60 uko mbali mno kwa mtu anayeshuka chini ya ardhi kila zamu. Nipeni changu niende.

Maelezo mawili hutolewa haraka kuhusu madai hayo. La kwanza ni kwamba watu wetu hawaelewi bima. La pili husemwa kwa sauti ya chini kidogo: asiye na kazi ukimpa fedha atakaa kijiweni azile, kwa hiyo heri apewe kidogo kidogo, au asipewe. Naona yote mawili yanakosea. Msimamo wa hawa watu ni tathmini ya soko la ajira na ya mifuko yenyewe, iliyofanywa na wanaolijua soko hilo kwa miguu yao. Mtu anaweza kuipinga, lakini kwanza aisome.

Tuhuma ya uvivu ina historia ndefu pwani na bara. Serikali ya kikoloni ya Waingereza ilikuwa ikiwakamata Dar es Salaam vijana wasio na kazi na kuwarudisha makwao, kwa sheria zilizowaita watu wasiotakiwa mjini. Uhuru ulipokuja, kazi ikawa nusu ya kaulimbiu ya chama cha TANU: Uhuru na Kazi. Katika andiko lake la mwaka 1962 kuhusu ujamaa, Mwalimu Nyerere aliitumia methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, akieleza kwamba katika jamii ya asili kila mtu alifanya kazi na uzururaji ulikuwa aibu. Wanaomnukuu hupenda kuishia hapo. Andiko lenyewe linasema pia kwamba jamii hiyo ilimtunza kila mtu, kiasi kwamba hakuna aliyehofia kesho yake. Jembe na chakula vilitolewa na mkono mmoja.

Mwaka 1983 likaja jembe peke yake. Sheria ya Nguvu Kazi ilimtaka kila mwenye uwezo afanye kazi inayotambuliwa, na Dar es Salaam wasio na kitambulisho cha ajira wakasombwa na kupelekwa vijijini na mashambani. Wengi walirudi mjini baada ya muda mfupi. Kisa hiki kina upande wake wa kuchekesha. Wengi wa waliosombwa kama wazururaji walikuwa wakifanya kazi kutwa nzima: kuuza maandazi, kushona viatu, kubeba mizigo. Mshahara wa kiwandani wakati ule ulikuwa umeporomoka hata wenye ajira wakaishi kwa miradi ya pembeni, na baadhi yao wakaiacha ajira ili waushughulikie mradi. Baadaye wafanyabiashara wadogo walipewa leseni zilizoitwa za nguvu kazi, jina la sheria ile ile iliyowafukuza mjini.

Makosa ya uzururaji hayakuisha na miaka ya themanini. Yalibaki katika kanuni za adhabu za nchi nyingi za Afrika, mpaka Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilipotoa maoni yake ya ushauri Desemba 4, 2020, kwamba sheria za namna hiyo hazipatani na Mkataba wa Afrika. Kwa miongo mingi, basi, mtu wa kwanza wa serikali aliyeonyesha kumjali asiye na kazi alikuwa askari. Fao la mwaka 2018 limeingia juu ya kumbukumbu hiyo, na si ajabu kwamba anayeliomba anajihadhari asionekane anaomba. Anasisitiza kwamba alichangia.

Na kweli alichangia. Tuchukue mfano wa mfanyakazi wa sekta binafsi mwenye mshahara wa shilingi 600,000. Mchango wa NSSF ni asilimia 20, wake na wa mwajiri kwa pamoja, yaani shilingi 120,000 kwa mwezi. Akifanya kazi miaka minne zimeingia shilingi 5,760,000. Kampuni inafungwa. Fao la kukosa ajira linampa shilingi 200,000 kwa mwezi, na baada ya miezi sita amepokea 1,200,000. Kiinua mgongo cha kisheria, mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliotumikia, usiozidi miaka 10, kwake ni kama mshahara wa mwezi mmoja tu. Kenya kiwango cha chini kwa anayepunguzwa kazini ni siku 15 kwa mwaka.

Hesabu anayoifanya yeye ni hii: nina milioni tano na laki saba na sitini zimelala, ninapewa milioni moja na laki mbili, tena kwa vipande ambavyo kila kimoja kinaishia kwenye kodi ya nyumba na unga. Mhasibu wa mfuko atamjibu kwamba akiba iliyobaki bado ni yake, inamsubiri uzeeni. Jibu ni sahihi. Ila kila mmoja anajibu swali la mwenzake kwa hesabu ya maisha mengine.

Bima ya kukosa ajira iliundwa Ulaya kwa ajili ya mfanyakazi anayetoka kiwanda kimoja na kuingia kingine. Ni daraja kati ya kazi mbili. Aliyepunguzwa Dar es Salaam, Mwanza au Mbeya anatazama ng'ambo ya daraja na haoni ukingo. Anajua kwamba miezi sita ya kuzunguka na bahasha ya kaki, ya kutuma maombi na kupiga simu kwa kila aliyewahi kufanya naye kazi, huenda isimpatie mshahara mwingine. Anapanga kuanzisha kitu: genge, saluni, bodaboda, banda la kuku, duka la vifaa vya simu. Kwa mpango huo theluthi ya mshahara haimfai. Inamtosha kula akisubiri kitu ambacho hakisubiri.

Hapo ndipo jaribio moja la Kenya linapofundisha kuliko semina nyingi za elimu ya bima. Katika kaunti za Siaya na Bomet, shirika la GiveDirectly lilianza kuwapa watu wazima wa vijiji vizima fedha bila masharti, kwa njia ya simu. Vijiji viligawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi waliahidiwa malipo ya kila mwezi kwa miaka 12, takriban senti 75 za dola kwa siku. Wengine walipata kiasi hicho hicho kila mwezi kwa miaka 2 tu. Kundi la tatu lilipewa kama dola 500 kwa mkupuo. Vingine havikupewa chochote, ili pawepo na cha kulinganisha. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2023 na kundi la wachumi, wakiwamo Abhijit Banerjee na Tavneet Suri, yalionyesha kwamba hakuna kundi lililopunguza kazi kwa jumla. Kilichobadilika ni aina ya kazi: watu walipunguza vibarua wakaongeza biashara zao wenyewe.

Mkupuo ulianzisha biashara nyingi kuliko malipo ya mwezi kwa mwezi ya miaka miwili. Walioahidiwa miaka 12 nao walifanya vizuri, lakini kwa njia inayostahili kuangaliwa: wengi waliingia kwenye vikundi vya kuchangiana, “chama” kama wanavyoviita huko Kenya, au upatu kama tungesema sisi huku, wakazigeuza fedha za kila mwezi kuwa mkupuo kwa zamu. Waliokwama zaidi katika kujenga biashara walikuwa wale waliopewa kidogo kidogo kwa muda mfupi. Washiriki wa jaribio hilo hawakuwa watu waliotoka kupoteza ajira rasmi, ni wanakijiji maskini kwa jumla, na tofauti hiyo isifichwe. Hata hivyo, umbo la malipo yaliyofanya vibaya zaidi, kidogo kidogo kwa muda wenye mwisho wa karibu, ndilo umbo la fao letu.

Na ile hofu kwamba fao hulegeza watu? Tuseme ukweli wote. Wachumi wa nchi tajiri wamepima kwa miaka mingi, na ni kweli kwamba anayelipwa fao kwa muda mrefu huchukua muda zaidi kabla ya kuingia kazini tena. Swali ni kwa nini. Raj Chetty, katika utafiti wa Marekani aliouchapisha mwaka 2008, alitenganisha sababu mbili: mtu kuchelewa kwa kuwa fao linamlipa akae, na mtu kuchelewa kwa kuwa sasa ana fedha mkononi na halazimiki kukamata kazi ya kwanza inayopita. Alikadiria kwamba karibu asilimia 60 ya ongezeko hilo linatokana na sababu ya pili. Waliopewa kiinua mgongo kwa mkupuo, ambacho hakipungui hata ukipata kazi kesho, nao walichelewa. Kwa lugha ya mtaani, walipata pumzi.

Finland ilijaribu kwa njia nyingine. Mwaka 2017 na 2018 watu 2,000 waliokuwa wakipokea posho ya wasio na kazi walilipwa euro 560 kwa mwezi bila sharti lolote, na wakiajiriwa waliendelea kuzipokea. Ajira yao haikupungua. Iliongezeka kwa siku chache. Badiliko lililoonekana wazi zaidi lilikuwa katika afya ya akili, na katika jambo ambalo watunga sera wetu hawalipimi: imani kwa watu wengine na kwa taasisi za umma. Waliolipwa bila kufuatwafuatwa waliziamini zaidi.

Kwa anayeamini bado kwamba asiye na kazi anafurahia mapumziko, kuna kitabu kilichochapishwa mwaka 1933 kuhusu kijiji cha Marienthal, kusini mashariki mwa Vienna. Kiwanda cha nguo kilichokilisha kijiji kizima kilifungwa, na Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel wakaenda kuwachunguza wakazi. Mtu angetarajia watu wenye hasira na wakati mwingi wa kusoma na kufanya siasa. Walikuta kinyume. Uazimaji wa vitabu maktabani ulishuka karibu nusu, ingawa ada ilifutwa. Wanaume walisimamasimama njiani, wakashindwa kueleza asubuhi yao ilikwenda wapi. Wanawake walipita haraka, kwa sababu kazi za nyumbani hazikufungwa pamoja na kiwanda. Fao lilikuwapo, lakini aliyegundulika akifanya kibarua hata kidogo alihatarisha kulipoteza. Sharti lililowekwa ili kuzuia udanganyifu liliwazuia watu kujishughulisha.

Kijiwe cha Afrika Mashariki hakifanani na barabara ya Marienthal, na tofauti hiyo nadhani haijaandikwa vya kutosha. Huku aliyepoteza kazi huaga nyumbani asubuhi akiwa amenyoosha shati, kama mwenye kazi. Kijiweni anapata habari: nani anahitaji dereva wa siku mbili, mzigo gani unashuka bandarini, fundi gani anatafuta msaidizi. Kuna kupoteza muda pale, asikatae mtu. Ila kwa sehemu kubwa kijiwe ni ofisi ya ajira isiyo na dawati, na anayekipitia kwa gari akaona wavivu hajakaa pale saa moja. Kubangaiza huko ndiko kunakozidi kuifanya bima ya aina ya Ulaya itupwaye. Mfuko unataka kujua: una kazi au huna? Jibu la kweli la watu wengi ni kwamba jana walikuwa nayo, leo hawana, Ijumaa huenda wakapata ya nusu siku.

Limebaki suala la kuaminiana, ambalo naliona zito kuliko yote. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, wafanyakazi wa reli, bandari, posta na ndege walibaki wakidai mafao. Nchini Tanzania wazee hao waliandamana Dar es Salaam mara nyingi, na malipo ya serikali yalikuja mwaka 2005, wakati wengi walikuwa wameshakufa. Mfuko wa akiba wa NPF, uliotangulia NSSF, ulilipa watu akiba zao baada ya mfumuko wa bei wa miaka ya themanini kuzitafuna. Kisha mwaka 2018 kikaja kikokotoo kipya cha mafao, kilichopunguza mkupuo wa mstaafu hadi asilimia 25 ya mafao yake, wakati wanachama wa PSPF na LAPF walikuwa wamezoea nusu. Hasira ilipanda mpaka Rais John Magufuli akakutana na viongozi wa vyama vya wafanyakazi Ikulu tarehe 28 Desemba mwaka huo, akaagiza hesabu ya zamani itumike hadi mwaka 2023. Mwaka 2022 kikawekwa kingine, asilimia 33. Mfanyakazi wa miaka 30 aliyeitazama kanuni ya uzee ikibadilishwa, kusimamishwa na kubadilishwa tena anaambiwa aache milioni zake tano hadi afike miaka 60. Anapotaka azichukue sasa, anakosea nini?

Anakosea kitu kimoja, nacho si kidogo. Mkupuo unajulikana. Siku unapoingia, ada za wadogo, deni la mjomba, bati la mama na msiba wa jirani vinapiga hodi kwa pamoja, na hakuna lugha ya heshima ya kusema sina. Biashara ndogo nyingi hufa mapema. Mtu aliyejitoa mara tatu katika maisha yake ya kazi anaufikia uzee mikono mitupu, na hapo hatalishwa na mfuko wala serikali. Atalishwa na watoto ambao huenda nao wamepunguzwa. Fedha ya mwezi kwa mwezi ina faida ya kuwa ndogo mno kuombwa. Kwa hiyo simtetei anayesema kila kitu kirudi kama zamani. Lipo jambo la katikati: kumwachia aliyepoteza kazi achague kati ya malipo ya miezi sita na sehemu ya michango yake kwa mkupuo, huku sehemu nyingine ikibaki imefungwa kwa ajili ya uzee. Na kibarua cha siku mbili kisiwe sababu ya kumfungia mlango.

Yote hayo lakini ni mjadala wa waliowahi kuajiriwa. Kijana aliyemaliza chuo na hajawahi kukatwa mchango hata mmoja hayumo. Kwake serikali zetu zina majibu mengine: mkopo wa halmashauri kutoka asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambamo vijana wana asilimia 4, kitambulisho cha mjasiriamali cha shilingi 20,000 kilichotolewa mwishoni mwa mwaka 2018, na kwa upande wa Kenya, Hustler Fund iliyozinduliwa Novemba 2022, na kabla yake Kazi Mtaani, iliyowalipa vijana wa mitaa duni kusafisha mitaro wakati wa korona. Zote ni mkopo, kibali au kibarua. Afrika Kusini ilithubutu jambo la tofauti: randi 350 kwa mwezi kwa mtu mzima asiye na kipato, zilizoanza Mei 2020 kama hatua ya dharura, hazikufutwa, na mwaka 2024 zikapandishwa kuwa 370.

Sasa NSSF inawafuata waliojiajiri: mama lishe, machinga, mkulima, dereva wa bodaboda, ili nao wachangie. Ni jambo jema, na ndilo litakaloonyesha kama fao la kukosa ajira lina maana nje ya ofisi. Dereva wa bodaboda mwenye pikipiki ya mkataba, iliyochukuliwa na tajiri wake kwa kuchelewesha hesabu ya wiki mbili, hana barua ya kuachishwa kazi wala mshahara wa kukatia theluthi. Mwajiri wa kuthibitisha kwamba hakuacha kwa hiari hayupo. Kwa kanuni ya leo, mtu huyo hajapoteza ajira.